Useremala wa Zana za Mkono (Sehemu ya Pili): Makali Kabla ya Yote

Makala iliyopita ilikuwa ya mbao: namna ya kuzichagua dukani, kuzikausha na kuzipanga zisipinde. Sasa tunafika kwenye zana. Anayeanza hahitaji nyingi. Randa moja ya chuma, patasi mbili (ya nusu inchi na ya inchi moja), msumeno wa mkono, skwea, nyundo ya mbao, futi kamba na penseli vinamtosha kwa muda mrefu. Fedha atakayobaki nayo aiweke kwenye vitu vya kunolea. Sehemu kubwa ya makala hii nitaitumia huko huko, kwa sababu ndiko wanagenzi wengi wanakopotelea.

Patasi na chuma cha randa vikitoka kiwandani huwa vimesagwa tu. Vitazame kwa karibu utaona michirizi ya jiwe la mashine ikikatiza hadi kwenye ukingo, na ukingo wenyewe una mapengo madogo madogo. Kunoa kumeachwa kwa mnunuzi. Asiyelijua hilo huchukua randa yake mpya, huisukuma juu ya ubao, nayo hukwama, huruka na kung'oa vipande. Anaongeza nguvu. Mabega yanamuuma, ubao unaharibika, na baada ya majuma machache anaamini kwamba hana mkono wa useremala. Hukumu hiyo hunisikitisha kila ninapoisikia, maana mara nyingi mkono wake hauna kosa lolote. Hajawahi kushika chuma chenye makali hata siku moja, hivyo hajui kazi hii ilivyo nyepesi chuma kinapokuwa tayari.

Makali ni nini hasa? Ni mstari ambapo nyuso mbili za chuma zinakutana. Kwenye patasi uso mmoja ni mgongo ulio bapa, na wa pili ni ule mteremko uliosagwa. Nyuso hizo zikiwa laini na zikikutana bila kuacha nafasi, mstari huo hupita katikati ya nyuzi za mbao na kuzikata. Mstari ukiwa umechakaa na kuwa mviringo kidogo, hata kama jicho halioni, chuma kinaanza kusukuma na kuponda nyuzi badala ya kuzikata. Kutokana na maelezo hayo utaona kwa nini mgongo una umuhimu sawa na mteremko. Wengi hunoa mteremko kwa bidii na kuusahau mgongo, kisha wanashangaa patasi haikati. Mgongo usugue mpaka sentimita mbili au tatu za karibu na ukingo zing'ae bila mchirizi. Kazi hiyo inachosha, lakini kwa chuma kimoja hufanywa mara moja tu. Baada ya hapo ni kuutunza.

Vifaa vya kunolea si lazima viwe vya gharama. Jiwe la pande mbili, upande mmoja wa kukwaruza na mwingine laini, linapatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi. Mimi humshauri anayeanza atumie msasa wa maji, ule ambao mafundi wa rangi za magari hutumia, namba 400, 1000 na 2000. Aende kwa muuza vioo, aombe kipande kinene kilichobaki, kisha aulaze msasa juu yake kwa maji. Kioo kimenyooka kuliko jiwe lolote lililotumika, kwani jiwe huchimbika katikati kadiri linavyosuguliwa, na jiwe lenye shimo haliwezi kukupa mgongo ulio bapa. Ukitaka kumalizia vizuri zaidi, kwa fundi viatu utapata kipande cha ngozi ngumu. Kigandishe kwenye ubao, upande wa ndani wa ngozi ukitazama juu.

Sasa pembe. Mteremko husagwa kwa digrii 25, na ncha yake hunolewa kwa digrii 30. Hizo zinafaa kwa patasi na kwa randa ya kawaida. Huna kifaa cha kupimia pembe? Tumia rula. Urefu wa mteremko ukiwa mara mbili kamili ya unene wa chuma, pembe yake ni digrii 30. Ukikaribia mara mbili na nusu, uko kwenye digrii 25. Kwa patasi yenye unene wa milimita 4, mteremko wa milimita 8 ni digrii 30, na wa milimita tisa na nusu hivi ni digrii 25. Hesabu hiyo ndogo imewaokoa wanafunzi wangu wengi na kubahatisha.

Anza na namba 400. Weka mteremko juu ya msasa mpaka ukae bapa wenyewe, kisha uinue mkono kidogo sana ili ncha peke yake iguse. Vidole viwili vya mkono wa pili vikandamize karibu na ukingo. Vuta kuja kwako, inua, rudisha, vuta tena. Kusukuma mbele kunaweza kuchana msasa. Jambo gumu ni kutopindisha kifundo cha mkono, kwa sababu kila kinapopinda, mteremko unakuwa mviringo. Funga viwiko ubavuni, mwili ndio uende na kurudi. Baada ya muda pitisha kidole taratibu kwenye mgongo, kutoka katikati kwenda nje ya ukingo, kamwe si kufuata ukingo wenyewe. Utahisi mkwaruzo mwembamba. Hicho ni chuma kilichosukumwa na kujikunja upande wa pili, na ni habari njema, kwa kuwa kinathibitisha kwamba umefika mpaka kwenye mstari wenyewe. Mkwaruzo usipokuwepo ukingo mzima, kutoka kona hadi kona, hujamaliza, usihamie namba ya juu. Ukiupata, rudia kwa namba 1000, halafu 2000, kisha laza mgongo bapa kabisa na uusugue mara chache kuondoa chuma kile. Malizia kwenye ngozi, daima kwa kuvuta.

Karakana nyingi zina mashine ya umeme ya kusagia, na kishawishi cha kuitumia ni kikubwa. Inafaa kwa chuma kilichovunjika pembe au chenye mapengo makubwa, lakini ina hatari yake. Chuma cha patasi kilipewa ugumu kiwandani kwa moto na kupozwa. Ukingo ukipata joto mpaka ugeuke bluu, yaani karibu digrii 300 za sentigredi, sehemu kubwa ya ugumu ule imeondoka na makali hayatadumu. Gusisha kidogo, chovya kwenye maji, gusisha tena. Ukiona bluu, sehemu hiyo yote lazima isagwe iondoke.

Kupima makali, wengi hunyoa nywele za mkono. Kipimo bora kipo kwenye mbao zenyewe. Chukua kipande cha mbao laini ya msonobari, ukate kwenye kichwa chake, pale nyuzi zinapoishia. Patasi butu itaziponda nyuzi na kuacha uso mweupe wenye vumbi na mashimo. Patasi iliyonolewa itaacha uso uliotulia, unaong'aa, unaoonyesha pete za mti waziwazi. Njia nyingine ni kuuelekeza ukingo kwenye mwanga: makali ya kweli hayarudishi mwanga, kwa hiyo ukiona uzi mweupe unameremeta, hapo ni butu.

Watazame wachongaji wa milango wa Unguja na Lamu. Mtu ana safu ya patasi mbele yake, na kila baada ya muda anasimama, anainoa iliyo mkononi, anaendelea. Hangoji ikatae kukata. Makali yaliyopungua kidogo hurudi kwa dakika chache kwenye msasa laini na ngozi. Yaliyoachwa mpaka yakafa yanadai kuanza upya.

Chuma kikiwa tayari, tuje kwenye randa yenyewe. Muundo wa randa ya chuma tunayoijua ulitokana kwa kiasi kikubwa na kazi ya Mmarekani Leonard Bailey katika miaka ya 1860. Kampuni ya Stanley ilinunua haki zake mwaka 1869, na namba za ukubwa za randa hizo bado zinatumiwa na watengenezaji wengi. Namba 4 ina urefu wa sentimita 24 hivi, na namba 5 sentimita 35. Ukiweza kununua moja tu, chukua namba 5, kwa sababu urefu wake huivusha juu ya mabonde ya ubao na kuuweka sawa. Iliyotumika na ya zamani mara nyingi ni bora kuliko mpya ya bei rahisi, mradi tako lake, yaani uso wake wa chini, halijapinda na mwili haujapata ufa.

Chuma cha juu, kile kinachofunika chuma cha kukatia, kikae karibu milimita moja nyuma ya ukingo. Isiwepo nafasi hata ya kupitisha karatasi kati ya vyuma hivyo viwili, la sivyo maranda yataingia na kuziba mdomo wa randa. Anza chuma kikiwa kimerudishwa ndani kabisa, sukuma, kishushe kidogo, sukuma tena, mpaka randa ianze kutoa maranda membamba yanayopitisha mwanga. Pakaa tako mshumaa. Utashangaa tofauti yake.

Makali peke yake hayatoshi kama hujui nyuzi zinaelekea wapi. Usiangalie uso unaouranda, tazama ubavu wa ubao. Utaona mistari ikipanda taratibu kuelekea juu upande mmoja. Sukuma randa kuelekea huko inakopandia. Ni kama kisu juu ya samaki mwenye magamba: kutoka kichwani kwenda mkiani kinateleza, kutoka mkiani kwenda kichwani kinafumua kila kitu. Randa ikianza kung'oa, geuza ubao kabla hujalaumu chuma.

Zipo mbao ambazo nyuzi zake hazina upande mmoja. Mvule na mkangazi mara nyingi nyuzi zao hupishana, tabaka hili linaelekea huku na lile kule, na randa inayopita vizuri kwenye mfuo mmoja inang'oa kwenye mfuo wa jirani. Mvule una tatizo jingine pia: ndani yake mara nyingine hujengeka mawe ya chokaa yanayotoa pengo kwenye chuma. Msaji una chembe za silika, madini yale yale ya mchanga, na hula makali upesi. Zote ni mbao nzuri mno, nami nazipenda, lakini zisubiri. Anayeanza ajifunze kwa msonobari unaovunwa kwenye mashamba kama ya Sao Hill, Mufindi, au kwa saiprasi kule Kenya. Achague kipande kisicho na vifundo.

Kuhusu msumeno nitasema machache. Meno ya kupasulia, yanayofuata urefu wa nyuzi, hutiwa tupa moja kwa moja na hukata kama safu ya patasi ndogo. Ya kukatia, yanayokatiza nyuzi, hutiwa tupa kwa mshazari ili kila jino liwe na ncha ya kisu. Tupa yake ni ya pembe tatu. Kabla ya kununua tupa angalia ncha za meno: zikiwa na weusi au ubluu, zimefanywa ngumu kwa joto kiwandani na tupa haitazishika. Msumeno wa namna hiyo hutumika mpaka uchoke, kisha hubadilishwa.

Juma hili, kazi ya nyumbani ni moja. Chukua kipande cha msonobari chenye urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa kiganja. Kibane kwenye meza isiyoyumba, iliyoegemea ukuta. Randa uso mmoja mpaka rula ikiwekwa kwa urefu, kwa upana na kwa mshazari isipitishe mwanga chini yake. Weka alama ya penseli juu ya uso huo. Kisha randa ubavu mmoja mpaka skwea ikae sawa juu ya vyote viwili, nao uuwekee alama. Pande mbili zilizobaki ziache kama zilivyo. Wiki ijayo tutapima kila kitu kutoka kwenye nyuso hizo mbili, tutakapokata kiungo cha kwanza cha tundu na ulimi.