Unyenyekevu na Matumizi Mabaya ya Dini katika Masaibu ya Ndugu Jero

Tamthilia hii ni ya Wole Soyinka, mwandishi wa Nigeria aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka wa 1986. Iliigizwa kwa mara ya kwanza mjini Ibadan mwaka wa 1960. Matukio yake yako Lagos, hasa katika ufuo wa Bar Beach, ambako manabii wanang'ang'ania waumini.

Mwanafunzi aelewe mapema kwamba mwandishi hakejeli Ukristo wenyewe. Anamkejeli mtu anayeivaa dini kama joho ili apate riziki na sifa. Katika Ukristo kiongozi ni mtumishi. Ndiyo sababu Yesu aliwaosha wanafunzi wake miguu (Yohana 13). Jero ameupindua mpango huo. Anawadai wengine unyenyekevu ambao yeye mwenyewe hana.

Jinsi dini inavyotumiwa vibaya

(i) Dini inafanywa biashara. Jero anawaita waumini wateja, naye anajiona kama mwenye duka anayesubiri wanunuzi. Ili ang'ae kuliko manabii wengine, anachukua joho la mahameli kwa mkopo kutoka kwa Amope. Mdai anapopiga kambi mlangoni, nabii anatorokea dirishani.

(ii) Unabii unalenga tamaa ya msikilizaji. Jero amemtabiria mtu mmoja kuwa ataishi miaka themanini. Asipoifikisha, hatarudi kutoka kaburini kulalamika! Mwingine ameahidiwa uwaziri mkuu wa jimbo ambalo bado halijaundwa. Ahadi hizi zina ujanja mmoja: hakuna anayeweza kuzipima leo.

(iii) Muumini anafungwa asiondoke. Chume, tarishi katika ofisi ya serikali ya mtaa, anaomba ruhusa ya kumpiga mkewe. Jero anamkataza, lakini si kwa kumhurumia mwanamke. Anajua kuwa Chume akipata anachotaka hatamhitaji nabii tena. Mambo yanabadilika Jero anapogundua kuwa mke huyo ni Amope, anayemdai. Papo hapo ruhusa inatolewa. Mwili wa mwanamke unageuzwa mahali pa kulipia deni, tena kwa jina la Mungu. Hapa kicheko cha tamthilia kinaingia uchungu.

(iv) Mwalimu anasalitiwa. Nabii Mzee ndiye aliyemfunza Jero kazi. Jero alimsaidia kupata kipande cha ufuo, kisha akamfukuza na kukitwaa. Asiye na unyenyekevu hana shukrani.

(v) Dini inaungana na siasa. Katika Onyesho la Tano, Mbunge anafanya mazoezi ya hotuba ufuoni. Jero anamtabiria uwaziri wa vita, naye Mbunge anasadiki. Chume, ambaye sasa ameutambua ulaghai, anamvamia nabii kwa panga. Jero anakimbia, na Mbunge anadhani ametoweka kimuujiza. Jero anapanga kutumia uwezo wa Mbunge ili Chume atiwe katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Aliyeujua ukweli ndiye atakayeitwa mwendawazimu.

Unyenyekevu wa kweli na wa uongo

Mtahiniwa asiseme tu kwamba Jero ana kiburi. Alinganishe wahusika. Chume ananyenyekea kwa dhati, ila haulizi swali lolote. Utiifu wake unamfanya awe chombo. Tena ana tamaa yake. Anapoachwa aongoze maombi, anaomba kupandishwa cheo, na wenye baiskeli waendeshe magari makubwa. Mbunge naye anapiga magoti, lakini goti lake limeinamia cheo, si Mungu. Amope ana ulimi mkali na si mfano wa upole, ila kwake Jero ni mdeni tu, na joho halimtishi.

Kwa hivyo nabii wa uongo hasimami peke yake. Anasimamishwa na kiburi chake pamoja na shauku za wanaomfuata. Msomaji wa kidato cha nne anayesubiri matokeo ya KCSE ana shauku kama ya Chume ya kupanda ngazi. Akitokea mtu wa kumuuzia alama nzuri kwa maombi ya kulipiwa, na akumbuke duka la Jero. Kunyenyekea mbele ya Mungu hakumzuii mtu kuuliza sadaka inakwenda wapi.

Mbinu zinazojenga maudhui haya

Uzungumzi nafsia: Jero anatueleza hila zake bila haya. Sisi tunajua, Chume hajui. Hapo pana kinaya.

Majina: Jero ni kifupi cha Jeroboam, yaani Yeroboamu. Katika 1 Wafalme 12, mfalme huyo alitengeneza ndama wawili wa dhahabu, akawaweka Betheli na Dani, watu wasiende Yerusalemu na kumwacha. Naye aliitumia ibada kulinda kiti chake.

Ishara: Joho la mahameli linaashiria utakatifu wa nje, na ni la deni.

Swali la mazoezi

"Nabii wa uongo hulishwa na tamaa za waumini wake." Thibitisha kauli hii ukirejelea tamthilia ya Masaibu ya Ndugu Jero. (alama 20)

Mwongozo: Usisimulie hadithi nzima. Taja hoja, toa tukio, kisha eleza tukio hilo linathibitisha nini. Shughulikia pande zote mbili, tamaa ya Jero na tamaa ya wafuasi, kwa sababu kauli imezitaja zote.