Kubanwa kwa Kifua

Moyo hupiga mara laki moja hivi kila mchana na usiku, ukivipelekea viungo vyote damu. Lakini moyo wenyewe nao wataka kulishwa, nao hulishwa kwa mishipa miwili inayouzunguka kwa nje.

Mwenye shamba la mpunga katika bonde la Kilombero ajua ya kuwa mfereji ukiingia matope, maji hupita bado, ila hayatoshi jaruba lote. Ndivyo ilivyo mishipa hiyo mafuta yakigandamana ndani yake. Mtu akiketi, damu ile haba yamtosha. Akijitwika gunia, moyo hutaka zaidi wala haupati. Ndipo kifua kinapobana kana kwamba kimelaliwa na jiwe. Akipumzika, hupoa baada ya dakika chache. Maradhi hayo huitwa anjina, na aliyeyapa jina hilo mwaka 1768 ni William Heberden, daktari wa Uingereza.

Je, ukali wake hupimwaje? Wengi hudhani ya kuwa anayelia sana ndiye mgonjwa zaidi. Sivyo. Daktari huuliza, “Ulikuwa ukifanya nini?” Mwaka 1976 madaktari wa moyo wa Kanada walipanga ngazi nne. Wa kwanza huumwa kwa kazi nzito tu, kama kusukuma baiskeli yenye magunia ya mpunga. Wa pili huumwa akienda mbio au akipanda mlima; na kwa kuwa Ifakara ni tambarare, huyu aweza kukaa muda mrefu asijue, hata siku aendapo kuzuru ndugu zake milimani Udzungwa. Wa tatu hubanwa akitembea kidogo tu, pole pole. Wa nne huumwa hata akivaa nguo, na pengine amelala kitandani.

Tena mgonjwa aweza kujidanganya. Mzee asema, “Siku hizi sijambo, kifua hakinibani.” Kumbe jembe ameliacha, na maji huchotewa na wajukuu! Maumivu hayakupungua, kazi ndiyo iliyopungua. Wajukuu hao huyaona hayo kabla ya daktari.

Maumivu yanayomjia mtu akipumzika, au yasiyopoa kwa robo saa, hayangoji kesho, wala si ya kuitwa kiungulia: huenda mshipa unaziba kabisa. Mtu huyo asitembee kwa miguu. Apelekwe upesi katika Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, Ifakara. Wagonjwa wa ng'ambo ya mto, waliokuwa wakingoja kivuko, siku hizi hupita darajani. Na wanaohitaji kuzibuliwa mishipa hupelekwa Dar es Salaam, katika Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyoanzishwa mwaka 2015, ambako mpira mwembamba hupitishwa katika mshipa wa mkono au wa paja mpaka moyoni.