Fahamu: Je, kumwaibisha mwanafunzi ni kosa la kisheria?

Ndiyo, na madhara yake yanaweza kuwa makubwa. Septemba 2019, katika kaunti ya Bomet, Kenya, msichana wa shule ya msingi alijitoa uhai. Mamake alisema mwalimu alimwita mchafu kwa sababu ya hedhi, akamtoa darasani. Wazazi waliandamana hadi shuleni. Polisi wakawatawanya kwa vitoa machozi.

Viboko vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001. Kifungu cha 36 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinakataza pia adhabu inayomuumiza mtoto kisaikolojia; anayekiuka huadhibiwa kwa faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi miezi sita, au vyote viwili.

Mzazi, mwanao akiaibishwa, usimvamie mwalimu. Andika malalamiko, yapeleke kwa bodi ya shule na Tume ya Kuwaajiri Walimu (TSC), ubaki na nakala.