Waliobaki Nyumbani Siku ya Kura

Uchaguzi wa tarehe 9 Agosti 2022 ulikwisha, na Mahakama ya Juu ikautolea hukumu tarehe 5 Septemba. Lakini majumbani mwetu hukumu zingali zatolewa. Fulani alimpigia William Ruto kwa kuwa alihongwa. Fulani alimpigia Raila Odinga kwa kuwa mumewe ndivyo alivyotaka. Na wasiokwenda kabisa huambiwa ni wavivu, eti ndiyo kawaida ya watu wa Pwani.

Tuanze na hao wa mwisho. Nchini kote walioandikishwa walikuwa 22,120,458, na waliojitokeza ni kiasi cha asilimia 65, ilhali mwaka 2013 walipita asilimia 85. Mombasa hawakufika nusu. Kaunti hiyo ina waandikishwa zaidi ya 640,000, basi waliobaki nyumbani walipindukia 320,000; na tofauti ya wagombea wawili wa urais katika taifa zima ilikuwa kura 233,211 tu.

Je, ni uvivu? Siku moja kabla ya kura, tume iliahirisha uchaguzi wa ugavana wa Mombasa kwa makosa ya uchapaji wa karatasi, ukaja kufanywa tarehe 29 Agosti. Aliyekuwa ameazimia kutoka kwa ajili ya gavana, alitoke nini? Wapo pia waliochoka kuahidiwa hatimiliki za ardhi kila baada ya miaka mitano. Wapo wenye kunyonyesha walioitazama foleni wakarudi. Ukiwatia wote hao katika kapu moja la uvivu, umewadhulumu. Na Suratul Hujurat, aya ya 12, imetuonya juu ya dhana.

Wengine hata hawamo katika hesabu hiyo. Asilimia hupimwa kwa walioandikishwa, na kijana wa Kiislamu aliyezungushwa ofisi hii na ile akitafuta kitambulisho hakuandikishwa. Huyo hahesabiwi hata kuwa mtoro.

Lililotukera zaidi ni la wanawake. Kifungu cha 38 cha Katiba champa kila raia mtu mzima haki ya kupiga kura ya siri, na hatukuona humo kwamba mume ameruhusiwa kuifunua siri hiyo. Katika masuala tuliyoletewa baada ya darsa, limo la mume aliyemtishia mkewe talaka asipomletea picha ya karatasi yake ya kura. Tulimwita mume, tukamweleza kwamba utiifu wa mke una mpaka, na kwamba ushuhuda wa nani afaaye kuongoza ni amana iliyo shingoni mwa mke mwenyewe. Yeye mume hatamjibia mbele ya Mola wake. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akaomba radhi mbele ya wakwe zake.

Mama huyo hajasema hadi leo alimpigia nani, wala sisi hatukumwuliza.