Haidridi, Haidroksidi na Haidrati: Istilahi Zisizopaswa Kuchanganywa

Miongoni mwa istilahi za kemia zinazowatatiza wafasiri na walimu ni haidridi, haidroksidi na haidrati. Zote tatu zina mwanzo mmoja, na mwenye haraka huweza kuandika moja mahali pa nyingine. Kosa hilo si la tahajia tu. Laweza kuleta moto.

Tuchukue metali moja, yaani kalsiamu. Mwalimu wa Chemba, wilaya ya Mkoa wa Dodoma iliyotengwa na Kondoa mwaka 2012, hahitaji kwenda mbali kupata mifano miwili. Chokaa iliyokwisha kuzimwa kwa maji, ambayo fundi huipaka ukutani, ni haidroksidi ya kalsiamu. Jasi, ichimbwayo Itigi katika mkoa jirani wa Singida, ni haidrati: ni salfeti ya kalsiamu iliyoshika maji ndani ya fuwele zake. Vitu hivi viwili haviwaki moto vikimwagiwa maji.

Haidridi ni kitu kingine kabisa. Ndani yake hamna maji wala oksijeni. Ni muungano wa metali na haidrojeni. Haidridi ya kalsiamu hupatikana kwa kupitisha haidrojeni juu ya kalsiamu iliyopashwa joto la nyuzi 300 hadi 400 hivi za Selsiasi. Humo haidrojeni huwa na chaji hasi, hali katika asidi huwa na chaji chanya. Kwa sababu hiyo, ikutanapo na maji hutoka gesi ya haidrojeni pamoja na joto kali, na kinachobaki ni haidroksidi ile ile ya chokaa. Kilo moja hutoa takriban lita 1,000 za gesi hiyo iwakayo upesi.

Sifa hiyo ina manufaa yake. Haidridi ya kalsiamu imetumika kujazia maputo ya kupimia hali ya hewa, na katika maabara huondoa mabaki ya maji katika vimiminika. Aloi fulani zenye nikeli nazo hupokea haidrojeni na kuiachia tena. Haidridi zake hutumika katika betri za kuchajiwa.

Kwa hiyo twapendekeza kiishio -idi kishikwe barabara, kwa mfano wa oksidi na kloridi. Aidha, mtumishi anayefasiri lebo ya ghala asitosheke na jina. Chini ya neno haidridi ya kalsiamu na aandike waziwazi: “Usimwagie maji. Ikiwaka, funika kwa mchanga mkavu.”