Mkanda wa Presha kama Tiba Baada ya Upasuaji wa Ubongo: Majaribio Yamefikia Wapi

Mgonjwa aliyefanyiwa upasuaji wa mshipa wa damu uliovimba na kupasuka ndani ya kichwa anaweza kutoka chumba cha upasuaji akiwa na hali nzuri, kisha akapooza upande mmoja siku ya saba. Ndugu wengi huulaumu upasuaji. Mara nyingi sababu ni nyingine: damu iliyovuja kuzunguka ubongo husababisha mishipa iliyo jirani kusinyaa, hasa kati ya siku ya 4 na ya 14, na sehemu ya ubongo hupungukiwa damu. Upasuaji huziba mahali palipopasuka; hauondoi athari ya damu iliyokwisha kumwagika.

Dawa iliyozoeleka kwa hatari hiyo ni nimodipini, ambayo kwa kawaida hutolewa kila baada ya saa 4 kwa siku 21. Haimtoshi kila mgonjwa. Ndiyo maana watafiti wanajaribu njia isiyotumia kisu wala sindano: mkanda kama ule wa mashine ya presha hufungwa mkononi au mguuni, hujazwa upepo hadi damu isimame kwa dakika 5, hulegezwa, kisha zoezi hurudiwa mara kadhaa. Inadhaniwa kuwa kiungo kinachonyimwa damu kwa muda mfupi hutoa ishara zinazousaidia ubongo kustahimili upungufu.

Wazo linavutia, na vifaa vyake ni rahisi. Ushahidi bado haujakamilika. Jaribio la awali la Los Angeles, Marekani, lililochapishwa mwaka 2014, lilichunguza iwapo wagonjwa wa aina hii wanaweza kulivumilia zoezi hilo kwa usalama. Halikukusudiwa kuthibitisha kwamba linaponya. Kwa kiharusi cha mshipa kuziba, jaribio la China la mwaka 2022 lilionesha kuwa takriban wagonjwa 67 kati ya 100 waliofungwa mkanda walipona vizuri, ikilinganishwa na 62 kati ya wasiofungwa. Mwaka uliofuata, jaribio la Denmark lililohusisha wagonjwa 1,500, lililoanzia ndani ya gari la wagonjwa, halikuonesha faida.

Kwa sababu hiyo, mkazi anayemuuguza ndugu yake nyumbani asilifanye zoezi hili kwa mashine ya presha aliyonunua dukani. Mkanda hubana kwa nguvu, huumiza, na unaweza kumdhuru mwenye damu iliyoganda mguuni.

Safari ya matibabu kutoka Nsemulwa hupitia rufaa, na inaweza kuishia Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam, inayofanya upasuaji wa ubongo. Mgonjwa akiombwa kushiriki utafiti huko au kwingine, familia iulize kibali cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na isomewe fomu ya ridhaa kwa Kiswahili. Kukataa, au kujitoa baadaye, hakumnyimi mgonjwa matibabu yake ya kawaida.

Anayerudi Mpanda kabla ya siku 21 kwisha aje na dawa zake pamoja na barua ya daktari, avipeleke Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Katavi. Akianza kuchanganyikiwa, kulegea mkono au kushindwa kuongea, apelekwe hospitalini saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.