Kutoa si kutupa

Ndugu wasikilizaji, ukitembelea nyumba nyingi za mjini utakuta chumba kimoja asicholala mtu. Ndani yake kuna makochi yaliyorundikwa, meza iliyopinduliwa miguu juu, kabati la vyombo lisilo na kioo, na chaga za kitanda zilizoegemezwa ukutani. Mwenye nyumba akiulizwa atasema, "Hivyo ni vitu vya mzee," au, "Vitafaa siku moja." Miaka inapita, siku hiyo haifiki, na wanaonufaika ni mchwa na panya.

Mazungumzo yangu ya leo yanahusu samani hizo, na namna ya kuzitoa kwa wanaozihitaji. Nimepata barua ya mama mmoja wa Magomeni, Dar es Salaam. Mumewe alifariki miaka mitatu iliyopita, naye sasa anahamia kwa binti yake, kwenye vyumba viwili. Ana seti ya makochi ya mninga, meza ya chakula na viti vyake, kabati la nguo, na kitanda cha sita kwa sita, vyote kazi ya mafundi wa Keko miaka ya sabini. Wanawe wa kiume wanataka viuzwe. Yeye anataka vitolewe, lakini moyo unasita. Anauliza: "Je, nikivitoa nitakuwa nimemtupa baba yao?"

Namjibu mama huyo kwamba la hasha. Achague kitu kimoja, pengine kiti alichozoea kukalia marehemu, ahame nacho. Vilivyobaki vikipata watu wa kuvitumia, jina la aliyevinunua litatajwa kwa wema. Mninga ni mti wa misitu ya miombo, kama ile ya Tabora, na huchukua makumi ya miaka kukomaa. Mbao zake ni imara na hazishambuliwi kirahisi na wadudu. Kiti cha mninga cha miaka hiyo, kikikazwa viungo, kikapigwa msasa na vanishi, kitatumika miaka mingi bado. Kukifungia stoo ni hasara tupu.

Hata hivyo, kutoa kuna utaratibu wake. Kwanza, tujue kitu ni cha nani. Mama huyu anasema kabati la nguo alilinunua mwenyewe kwa fedha za maandazi. Hilo ni lake. Lakini vitu alivyoacha marehemu ni mali ya mirathi. Ikiwa mirathi haijafungwa, msimamizi aliyeteuliwa na mahakama ahusishwe, na warithi wote wakubaliane, ikiwezekana kwa maandishi. Sadaka inayowagombanisha ndugu haina baraka.

Pili, tukague. Kalia kochi, tikisa meza, funga na kufungua milango ya kabati. Ukiona vumbi kama unga chini ya mguu wa kiti, ujue mbao zinabunguliwa. Mulika viungo vya kitanda na mishono ya godoro kwa tochi; vidoa vidogo vyeusi ni dalili ya kunguni. Mdudu huyu anaweza kukaa miezi kadhaa bila kunyonya damu, kwa hiyo tusidhani kitanda ni salama kwa kuwa tu hakijalaliwa muda mrefu. Maji yanayochemka yakimiminwa kwenye viungo vya mbao huwaua kunguni yanaowafikia, pamoja na mayai yao. Godoro lililoingiliwa, hilo asipewe mtu. Kipimo ni chepesi: je, ningempa mgeni wangu alalie? Kama jibu ni hapana, basi na yatima asipewe.

Tatu, tuulize kabla ya kupeleka. Niliwahi kufuatana na jirani yangu aliyetaka kutoa seti kubwa ya makochi kwa makao fulani ya watoto. Kwa busara alikwenda kwanza mikono mitupu. Mlezi alitukaribisha, akatutembeza. Vitanda vya ghorofa vilijaa vyumbani, na ukumbi ulikuwa mdogo, watoto wakiandika kazi za shule sakafuni. Alituambia kwa upole, "Makochi sina pa kuyaweka. Ningepata meza ndefu, ningeshukuru." Jirani aliyauza makochi yake, na kwa fedha hizo fundi akatengeneza meza mbili ndefu na mabenchi yake. Nadhani hapo mama wa Magomeni na wanawe wanaweza kukutana. Kuuza na kutoa vinaweza kwenda pamoja, mradi fedha zifike zilikokusudiwa.

Je, tupeleke wapi? Makao ya watoto yanatakiwa kuwa na leseni kwa mujibu wa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, na ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako itakuelekeza. Shule nazo tusizisahau. Mwaka 2016, elimu bila malipo ilipoanza kutolewa hadi kidato cha nne, wanafunzi waliongezeka sana na nchi nzima ikahimizwa kuchangia madawati. Mbao za meza kuukuu, mikononi mwa fundi mzuri, huweza kuwa dawati. Tena wahitaji wengine tunaishi nao mtaa mmoja: mjane wa nyumba ya tatu, au kijana anayeanza maisha akiwa na mkeka tu.

Nne, mtoaji agharimie usafiri. Kumpigia mhitaji simu aje na gari ni kumpa deni. Fungua kitanda, tia misumari na nati zake katika mfuko mmoja, ufunge kwenye chaga. Ukipeleka kwenye taasisi, omba hati ya makabidhiano. Na ukimpa jirani, mpelekee jioni, bila kamera wala hotuba.

Wahenga walisema, kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Basi ndugu wasikilizaji, mwisho wa juma hili tufungue vyumba vile, tutoe vitu nje, tuvipige jua, tuvitazame kimoja kimoja. Kinachofaa kitengenezwe na kipelekwe kabla mvua hazijaanza.

Hadi juma lijalo, kwa herini.